Nguo Iliyochakaa na Kabati la Kioo: Merikani, Kaniki na Kanga katika Maonyesho ya Makumbusho Kuhusu Historia ya Mavazi ya Zanzibar

Ikisiri

Insha hii inachunguza tatizo moja linalowakabili wahifadhi wanaoandaa maonyesho ya makumbusho kuhusu nguo na mavazi katika historia: nguo zilizosalia si zile zilizovaliwa na watu wengi. Kwa kutumia mfano wa Zanzibar kati ya miaka ya 1830 na 1930, insha inaonyesha kwamba mavazi ya wenye uwezo yalikuwa na nafasi kubwa ya kuhifadhiwa, ilhali merikani na kaniki walizovaa watumwa zilichakaa na kutoweka. Inajengwa hoja kwamba kutoweka huko ni matokeo ya mfumo wa utumwa wenyewe, na kwamba kanga haiwezi kusomwa kama ushahidi wa kihistoria pasipo kuwekwa kando ya nguo iliyoitangulia. Mwishoni zinapendekezwa njia tatu za kulionyesha pengo hilo badala ya kulificha.

1.0 Utangulizi

Nguo ni miongoni mwa vitu vigumu zaidi kuhifadhiwa katika makumbusho. Mwanga hufifisha rangi zake, unyevunyevu huiotesha ukungu, na wadudu huitoboa. Katika miji ya mwambao, ambako hewa ya bahari huingia kila chumba, ugumu huo huongezeka. Hata hivyo, adui mkubwa wa nguo kama ushahidi wa historia si nondo wala ukungu, bali ni matumizi. Nguo inayovaliwa kila siku huraruka, hutiwa viraka, hugeuzwa mbeleko, kisha winda, na hatimaye kitambaa cha kufutia vumbi. Aghalabu nguo inayobaki ni ile ambayo mwenyewe alikuwa na nyingine ya kuvaa.

Ukweli huu mdogo una athari kubwa kwa maonyesho ya historia ya mavazi, ambayo katika miaka ya karibuni yamepata nafasi katika makumbusho makubwa ya dunia. British Museum ya London iliandaa maonyesho ya Social Fabric mwaka 2013, ambamo kanga za Afrika Mashariki zilionyeshwa. Victoria and Albert Museum ya mji huohuo ilifungua maonyesho ya Africa Fashion mwaka 2022. Kwa upande wa Zanzibar, suala hili lina uzito wa pekee. Tarehe 25 Desemba 2020 iliporomoka sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, ambalo lilikuwa makao ya makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na mwambao. Makumbusho yanapolazimika kujipanga upya, swali la kitu gani kiwekwe wapi, na kwa maelezo gani, huwa wazi tena.

Swali linaloongoza insha hii ni hili: maonyesho yajayo kuhusu mavazi ya Zanzibar yatamsimuliaje mtu ambaye nguo yake haikubaki? Jibu linatafutwa kwa kufuata nguo tatu, yaani merikani, kaniki na kanga, kuanzia zilipoingia sokoni hadi zilipofika mwilini mwa mvaaji, kisha kuangalia zilivyofika au zilivyokosa kufika katika kabati la kioo.

2.0 Kilichobaki Sandukuni

Mavazi ya watu wa tabaka la juu la Zanzibar ya karne ya 19 yanafahamika vyema kuliko ya watu wengine. Wanaume walivaa kanzu, joho lenye nakshi, kilemba na jambia. Wanawake wa kiungwana walivaa kanzu na suruali za marinda, wakajifunika barakoa usoni. Mavazi hayo yalikuwa ya gharama, yalitunzwa katika masanduku pamoja na udi na manukato, na yalirithiwa. Kwa hiyo yalikuwa na kila sababu ya kudumu.

Maandishi nayo yameelekea upande huohuo. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844 na baadaye kujulikana kama Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na humo akaeleza mavazi ya nyumba za kifalme kwa kina. Picha yake mashuhuri akiwa katika mavazi ya Kizanzibari ilipigwa Hamburg, baada ya kuhamia Ujerumani na kuingia katika maisha yaliyomtaka avae Kizungu. Mfano huu unatoa tahadhari ya kwanza kwa wahifadhi: picha ya vazi si lazima iwe ushahidi wa uvaaji wa kila siku. Inaweza kuwa ushahidi wa kumbukumbu, wa fahari, au wa studio iliyotaka kuuza sura ya ugeni. Tahadhari hiyo inazihusu pia picha za wanawake zilizopigwa katika studio za Zanzibar, kama vile ya Gomes na ya ndugu Coutinho. Picha za aina hiyo zilisambazwa kama kadi za posta, na mara nyingi jina la mwanamke halikuandikwa.

Kuna vazi moja linalolidhihirisha tatizo hili kwa uwazi zaidi. Katika miji ya Lamu na Mombasa, wanawake wa kiungwana walipotoka nje walisitiriwa kwa shiraa, kitambaa kikubwa mfano wa hema kilichoshikiliwa juu na watumwa waliotembea pembeni (Strobel, 1979). Shiraa ilikuwa nguo moja yenye watu wa namna mbili: aliyesitiriwa ndani yake na waliomsitiri kutoka nje. Maonyesho yanayoieleza shiraa kama “vazi la wanawake wa pwani” yanamtaja yule wa ndani na kuwaacha waliosimama juani. Hali hiyo haitokani na nia mbaya ya mhifadhi. Inatokana na desturi ya kumtambulisha mvaaji kuwa ndiye mwenye nguo, na kusahau kwamba kuna nguo zilizohitaji mikono ya wengine ili ziweze kuvaliwa.

3.0 Kilichochakaa Mwilini: Merikani na Kaniki

Mwaka 1833 Marekani na Sayyid Said bin Sultan walitia saini mkataba wa biashara, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akafika Zanzibar kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Wafanyabiashara wa Salem walitafuta pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Walicholeta ambacho watu wa mwambao na bara walikitaka zaidi kilikuwa kitambaa kizito cha pamba isiyopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Watu wa Zanzibar walikiita merikani. Prestholdt (2008) amebainisha kwamba wanunuzi wa Afrika Mashariki hawakupokea tu kile walicholetewa. Walichagua kwa uangalifu uzito, upana na ulaini wa nguo, na mfanyabiashara aliyepuuza chaguo lao alibaki na majora yake ghalani.

Pamba iliyofumwa katika viwanda hivyo ilitoka katika mashamba ya kusini mwa Marekani, ambako ililimwa na kuchumwa na watumwa. Huku Zanzibar na Pemba, kama anavyoeleza Sheriff (1987), utajiri wa karne hiyo ulijengwa juu ya pembe za ndovu na mashamba ya karafuu yaliyotegemea kazi ya watumwa. Ndiyo kusema shuka moja ya merikani iliyofungwa kiunoni na mchuma karafuu wa Pemba ilikuwa imeanza safari yake mikononi mwa mtumwa mwingine, ng’ambo ya bahari mbili, ambaye hakuwahi kusikia jina la Pemba. Haijulikani kama kuna kitu kingine cha matumizi ya kila siku kinachoziunganisha historia hizo mbili kwa ukaribu kama huo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, vilivyopiganwa kuanzia mwaka 1861 hadi 1865, vilikata upatikanaji wa pamba na kupandisha bei ya merikani. Nguo za Uingereza, na baadaye za viwanda vya Bombay, ziliingia kujaza nafasi. Jina, hata hivyo, halikubadilika. Nguo iliyofumwa Bombay iliendelea kuitwa merikani kwa sababu jina hilo lilikuwa limekwisha kuwa jina la aina ya nguo, si jina la nchi ilikotoka. Kwa mhifadhi, hapa pana mtego. Maelezo yanayosema “merikani, kutoka Marekani” yanaweza kuwa sahihi kwa kipande cha mwaka 1850 na yakawa makosa kwa kipande cha mwaka 1890.

Merikani ilikuwa pia fedha. Katika njia za misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, nguo ilipimwa kwa mkono, shuka na doti: mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zikafanya doti. Henry Stanley, alipojiandaa kwa safari yake ya mwaka 1871, alikadiria kwamba watu 100 wangehitaji doti 10, yaani yadi 40, kila siku kwa ajili ya chakula. Kwa safari ya miaka miwili hesabu yake ilifikia yadi 16,000 za merikani, yadi 8,000 za kaniki na yadi 5,200 za nguo za rangi. Takwimu hizi zinafundisha jambo ambalo kipande kimoja kilichotundikwa ukutani hakiwezi kulifundisha. Nguo iliyoingia kwa maelfu ya yadi iliweza kutoweka karibu yote, kwa sababu iligawanywa, ikalipwa, ikavaliwa na kuisha.

Kaniki ilikuwa nguo ya pamba iliyotiwa rangi ya nili hadi ikawa buluu iliyokolea au nyeusi. Ilikuwa rahisi, haikuonyesha uchafu upesi, na ilifaa kwa kazi za shamba na jikoni. Fair (2001) ameonyesha kwamba katika Zanzibar ya kabla ya kukomeshwa kwa utumwa, mavazi yalikuwa alama ya hadhi iliyosomeka kwa macho. Mwanamke mtumwa alijulikana kwa kipande cha kaniki au merikani alichojifunga chini ya kwapa, mabega na kichwa vikiwa wazi. Kufunika kichwa kulikuwa sehemu ya heshima ya kiungwana, na kukatazwa kufunika kichwa kulikuwa njia mojawapo ya kumkumbusha mtu nafasi yake. Mtumwa alitegemea kuvishwa na bwana wake, na alichopewa hakikuwa cha kuwekwa akiba.

Kutokana na maelezo hayo, kutokuwapo kwa nguo ya mtumwa katika mikusanyiko ya makumbusho kunapata maana mpya. Si suala la hali ya hewa wala uzembe wa watoza vitu vya kale peke yake. Mtu aliyenyimwa nguo ya pili alinyimwa pia uwezo wa kuacha nguo nyuma yake. Pengo lililomo kabatini ni sehemu ya historia inayopaswa kuonyeshwa.

4.0 Kutoka Kaniki hadi Kanga

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Tarehe 6 Aprili 1897 ilitolewa amri ya kuondoa utambuzi wa kisheria wa hali ya utumwa Unguja na Pemba. Uhuru huo haukuja kwa mkupuo: mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba, mabwana walilipwa fidia, na masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Katika kipindi hicho cha mpito, nguo ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mtu aliyeachwa huru angeweza kuvibadilisha kwa uamuzi wake na kwa pesa zake.

Hapo ndipo kanga inapopata uzito wake wa kihistoria. Masimulizi yanayojulikana sana yanaeleza kwamba wanawake walinunua leso za rangi zilizouzwa zikiwa zimeungana, wakazikata na kuzishona sita pamoja, tatu juu na tatu chini, ili kupata nguo moja pana. Jina leso, linalotumika Mombasa hadi leo, linatokana na neno la Kireno lenye maana ya kitambaa cha mkononi. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 wafanyabiashara walianza kuagiza nguo iliyochapishwa ikiwa nzima, yenye pindo kuzunguka pande zote na mji katikati. Baadaye likaongezwa jina, yaani maandishi, kwanza kwa hati za Kiarabu na kisha kwa herufi za Kirumi. Kanga zilichapishwa Uingereza na Uholanzi, halafu India na Japani, na baada ya uhuru zikachapishwa pia katika viwanda vya Afrika Mashariki, kikiwamo kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968. Miongoni mwa wafanyabiashara waliojulikana zaidi ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara mwaka 1887, ambaye kanga zake zilitambulikana kwa alama ya “Mali ya Abdulla”.

Kwa mujibu wa Fair (2001), wanawake wa Zanzibar waliotoka utumwani waliiacha kaniki na kuichukua kanga kwa sababu iliyoeleweka na kila aliyewatazama. Doti ya kanga ni vipande viwili: kimoja hujifungwa mwilini, cha pili hufunika kichwa na mabega. Kile kipande cha pili ndicho kilichobeba habari. Mwanamke aliyekuwa amekatazwa kujifunika sasa alijifunika, tena kwa nguo yenye rangi na nakshi alizozichagua dukani. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 buibui nalo lilienea, likavaliwa na wanawake wa asili mbalimbali, na kuifanya tofauti ya muungwana na mtoto wa mtumwa kuwa ngumu kuonekana barabarani.

Jambo hili linaleta tatizo la pili kwa maonyesho. Aghalabu kanga huonyeshwa ikiwa mpya, imenyooshwa, imetundikwa ukutani, na jina lake limefasiriwa chini. Kwa namna hiyo hugeuka picha yenye methali. Lakini Beck (2001) anabainisha kwamba ujumbe wa kanga hufanya kazi kwa sababu ya utata wake. Anayeivaa anaweza kumlenga jirani, mke mwenza au mume, na akiulizwa akasema ameipendea rangi tu. Maana haimo katika maandishi peke yake. Imo katika nani amevaa, wapi, lini, na mbele ya nani. Kanga isiyo na mvaaji imebaki na maneno yake, lakini imepoteza usemi wake. Vivyo hivyo, kanga isiyo na kaniki kando yake imebaki na uzuri wake, lakini imepoteza dai lake.

5.0 Njia Tatu kwa Maonyesho Yajayo

Njia ya kwanza ni kulionyesha pengo lenyewe. Akiolojia imekwisha kuzoea kazi hii. Nguo zilizofumwa Kilwa karne nyingi zilizopita hazionekani, lakini wachimbuzi wamepata vipande vya vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, vilivyotumika kusokotea uzi. Makumbusho huvionyesha vipande hivyo, na mtazamaji huelewa kwamba palikuwa na pamba, palikuwa na mikono, palikuwa na nguo. Vivyo hivyo kwa merikani na kaniki: kipimo cha mkono, hesabu za misafara, orodha za mizigo bandarini na sampuli zilizobandikwa katika barua za wafanyabiashara vinaweza kuwekwa mahali pa nguo isiyokuwapo. Kabati linaweza hata kuachwa tupu, mradi maelezo yake yaseme wazi kwa nini liko tupu.

Njia ya pili ni kuandika maelezo ya nguo kwa kufuata safari yake badala ya asili moja. Merikani ina shamba la pamba, kiwanda, meli, duka, msafara na mvaaji. Kanga nayo ina mchoraji wa Helmond au Manchester, mfanyabiashara wa Kihindi wa Mombasa au Zanzibar, na mwanamke aliyeikataa nakshi ya mwaka jana na kumlazimisha mfanyabiashara kuagiza nyingine. Maelezo ya namna hiyo huondoa mabishano yasiyo na tija kuhusu kama kanga ni “ya Kiafrika” au “ya kigeni”. Nguo inakuwa ya mahali inapopewa maana, na maana ya kanga ilitolewa na wavaaji wake wa mwambao.

Njia ya tatu ni kuiweka kanga pamoja na mazingira yake ya kuvaliwa. Kanga iliyofubaa, iliyobebea watoto au kufanyiwa kazi jikoni, ina habari nyingi kuliko iliyotoka dukani. Masimulizi ya wazee kuhusu nani aliinunua, kwa tukio gani na ilivaliwaje yanapaswa kurekodiwa na kuhifadhiwa pamoja na nguo kama sehemu yake, si kama mapambo ya pembeni.

Mapendekezo haya yanaweza kupingwa kwa hoja nzito. Zanzibar ni jamii ndogo ambamo asili ya utumwa bado ni jambo la kusitiriwa. Inaweza kudaiwa kwamba kuitaja kaniki kama nguo ya watumwa ni kufukua aibu ambayo wanawake wenyewe walifanya kazi kuizika, na kwamba kanga na buibui vilivaliwa ili swali hilo lisiulizwe tena. Hoja hii haipaswi kupuuzwa, kwani inatokana na historia ileile inayojadiliwa hapa. Jibu lake ni kwamba nguo inaruhusu jambo ambalo nasaba haliruhusu. Kipande cha kaniki kinaweza kueleza utumwa ulivyovaliwa bila kutaja jina la ukoo wowote. Tena, kinaweza kuibadili aibu kuwa kitu kingine. Mtazamaji anayejua kwamba kufunika kichwa kulikuwa kumekatazwa, akiiona kanga ya pili juu ya mabega, anaona uamuzi wa mtu. Wanawake wale hawakuificha historia yao kwa kuona haya, waliijibu. Makumbusho yanayoonyesha jibu bila swali yanawanyima heshima ya jibu lao.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba historia ya mavazi ya Zanzibar haiwezi kusimuliwa kwa nguo zilizobaki peke yake. Joho na barakoa zilitunzwa kwa sababu wenyewe walikuwa na masanduku. Merikani na kaniki zilitoweka kwa sababu waliozivaa walizivaa mpaka zikaisha. Kanga ilisimama kati ya hali hizo mbili: ni nguo ya kwanza ambayo mtu aliyetoka utumwani aliweza kuinunua kwa chaguo lake, kuivaa kwa namna aliyokuwa amekatazwa, na mara nyingine kubaki na doti ya akiba ya kumwachia binti yake.

Kwa hiyo, kanga inastahili nafasi kubwa katika maonyesho yajayo, Zanzibar na kwingineko, lakini si kama mwanzo wa simulizi. Kabla yake inapaswa kuwekwa kaniki, au mahali patupu pa kaniki. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu mavazi ya wanaume waliotoka utumwani, hususan kanzu na kofia, na kuhusu Pemba, ambako mashamba mengi ya karafuu yalikuwako ilhali maandishi mengi kuhusu mavazi yamejikita katika mji wa Unguja. Kazi hiyo haina budi kuanza mapema, maana wazee wanaokumbuka bibi zao walivyojifunga wanapungua mwaka hadi mwaka, na masimulizi yao, kama nguo zile, hayana akiba nyingine.